Piga Simu Kabla ya Kupiga Picha



Juma lililopita niliweka hapa picha ya wingu. Wingu moja tu, la mviringo kama sufuria kubwa, limening'inia juu ya shamba la ngano. Chini yake giza, pembeni mwake jua linawaka. Mliuliza mengi. Mmoja aliuliza kama picha imetengenezwa na kompyuta. Mama mmoja wa ushirika wetu akauliza, "Pasta, ulikuwa unatafuta nini huko?" Kijana mmoja alitaka tu kujua ni kamera ya aina gani. Nimeona niwajibu wote pamoja, maana jibu lina faida kwako hata kama hutawahi kutoka nje ya Kenya.

Picha ni ya kweli. Niliipiga mwezi wa Mei, magharibi mwa jimbo la Kansas, kwenye nyanda zilizo katikati ya Marekani. Kamera ni hii simu yangu ya kawaida mnayoijua. Na kabla hatujaendelea, shika neno hili moja: anayeitazama dhoruba vizuri ni yule aliyejua njia ya kutoka kabla haijafika, na aliyepiga simu kabla ya kupiga picha.

Kwanza tulielewe lile wingu.

Mvua ya radi ya kawaida, kama ile inayowanyeshea watu wa Kakamega alasiri, ina maisha mafupi. Hewa yenye joto na unyevu inapanda, inapoa, inakuwa wingu, mvua inaanza. Lakini mvua hiyo inaangukia palepale hewa inapopandia. Inaipoza, na wingu linajizima lenyewe. Mara nyingi kazi yote inaisha ndani ya saa moja. Unaanua nguo, unangoja, unaanika tena.

Lile la Kansas ni la aina nyingine. Wataalamu wanaliita supaseli. Jina hilo lilitolewa na mwanasayansi Mwingereza, Keith Browning, miaka ya 1960, baada ya yeye na wenzake kuchunguza dhoruba kubwa iliyopita Wokingham, Uingereza, Julai 1959. Kinacholitofautisha na mengine ni kwamba linazunguka. Wingu zima, lenye kimo cha kilomita 15 na zaidi, linazunguka polepole kama jiwe la kusagia.

Linazungukaje? Chukua kipande cha unga uliokandwa, ukiweke kati ya viganja, kiganja kimoja kiende mbele na kingine kirudi nyuma. Unga unaviringika. Sasa huko nyandani, upepo wa chini unatoka kusini mashariki, kutoka Ghuba ya Mexico, umejaa unyevu. Upepo wa juu unatoka magharibi, una kasi kubwa zaidi. Hewa iliyo katikati inaviringika kama ule unga, ikiwa imelala. Halafu hewa ya moto inapopanda kwa nguvu, inauinua ule mviringo na kuusimamisha wima. Hapo wingu linaanza kuzunguka.

Na kwa sababu upepo wa juu unalisukuma wingu likainama, mvua haianguki tena mahali hewa inapopandia. Inaangukia pembeni. Wingu halijizimi. Linaweza kutembea saa nyingi, kaunti baada ya kaunti, hewa ikipanda ndani yake kwa kasi inayoweza kupita kilomita 150 kwa saa. Kasi hiyo ndiyo inayoshikilia barafu juu mpaka ikue. Watu wa Kericho na Nandi Hills, mnaijua mvua ya mawe, mmeiona ikichana majani ya chai. Basi tarehe 23 Julai 2010, katika kijiji cha Vivian, jimbo la South Dakota, liliokotwa jiwe la barafu lenye kipenyo cha sentimita 20 na uzito wa karibu gramu 880. Hilo lilitoka winguni.

Mengi ya mawingu hayo hayashushi tornado, yaani ile nguzo ya upepo inayozunguka kutoka winguni hadi ardhini. Lakini tornado zilizo kali kabisa hutoka kwenye mawingu ya namna hiyo, na Marekani kwa kawaida hupata zaidi ya tornado 1,000 kwa mwaka. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna ule upepo mkali wa juu wa kuyainamisha mawingu yetu namna hiyo, ndiyo maana jambo hili kwetu ni nadra. Tuna radi, tuna mafuriko, tuna dhoruba za usiku za Ziwa Victoria. Nitarudi huko.

Sasa mama yangu aliyeuliza nilikuwa natafuta nini.

Nilikuwa nimealikwa na ushirika wa Wakenya walioko Wichita. Ndugu mmoja wa kanisa lile, mzaliwa wa Kisii, ni muuguzi. Siku zake za mapumziko hujitolea kama mtazamaji wa dhoruba. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ina mpango unaoitwa SKYWARN, ulioanza miaka ya 1970. Unaingia darasa la kama saa mbili, hulipi chochote, unafundishwa kulisoma wingu na namna ya kutoa taarifa. Wako mamia ya maelfu: wakulima, walimu, madereva, wastaafu. Rada inaona mzunguko ulio juu winguni, lakini dunia ni mviringo, na mionzi ya rada ikienda mbali inapita juu ya yale yanayotendeka karibu na ardhi. Lazima awepo mtu mwenye macho.

Aliponiambia, "Pasta, kesho naenda kazini, na si hospitali," nikamwomba anichukue.

Nataka uone alichofanya kabla hatujaliona wingu lolote. Alijaza tanki mafuta, ingawa lilikuwa limepita nusu. Alimwambia mkewe tunaelekea wapi. Akaniambia kwamba picha ya rada kwenye simu inaweza kuwa imechelewa dakika kadhaa, kwa hiyo simu inakuonyesha dhoruba ilipokuwa, macho yanakuonyesha ilipo. Barabara za kule zimechorwa kama miraba, moja kila maili, na nyingi ni za udongo. Mvua ikishapiga, udongo ule unashika tairi kama wa kwetu. Akasema, "Leo hatuachi lami."

Tulilikuta wingu alasiri. Kule dhoruba nyingi za aina hii hutembea kuelekea kaskazini mashariki, na tornado, ikiwepo, hushuka upande wa nyuma, kusini magharibi mwa wingu. Kwa hiyo mtazamaji mwenye akili husimama kusini mashariki, mvua na mawe yakiwa mbali naye, akiwa na barabara ya kwenda kusini mgongoni. Ndugu yule alifika pale, akaligeuza gari kwanza likaelekea kusini, akaacha injini inanguruma, ndipo akafungua mlango.

Nilitarajia upepo utoke kwenye dhoruba utupige usoni. Wapendwa, ulitupiga mgongoni. Ulikuwa wa moto, wenye unyevu, na ulikuwa ukikimbilia kule winguni. Ngano, bado ya kijani, ililala yote kuelekea upande ule. Nikamtazama. Akasema, "Inakula, Pasta." Nilitetemeka, na sioni haya kusema hivyo. Juu yetu kichwa cha wingu kilikuwa kimetandazika bapa kama fuawe ya mhunzi, mbavu zake zimejipinda kama nguo inayokamuliwa, na kulikuwa na ukimya chini ya ule upepo. Mungu amefanya vitu ambavyo havitungoji tuvielewe.

Kisha chini ya wingu kikashuka kipande kilichoning'inia, kikaanza kuzunguka. Polepole, lakini kinazunguka. Mkono wangu ukaenda mfukoni kutoa simu nipige picha. Mkono wake pia ukatoa simu. Alikuwa anapiga kwa ofisi ya hali ya hewa. Alitaja barabara tuliyosimama, mji ulio karibu, umbali na upande wa kile kipande, na kwamba kinazunguka. Akamaliza kwa kusema asichokiona: hakuna kilichogusa ardhi. Sentensi nne au tano. Hakuongeza chumvi. Akakata simu, akaniambia, "Sasa piga."

Picha mliyoiona ni hiyo. Radi ilipoanza kupiga karibu aliniambia, "Ndani ya gari," na picha zikaishia hapo. Wingu lile halikushusha tornado. Lilitupita, likaenda, likafifia jioni. Lakini watu wa ule mji walikuwa wamejulishwa mapema, na hilo ndilo tulilokwenda kulifanya.

Ndugu yule alinifundisha kanuni moja ambayo nimeibeba hadi nyumbani. Ukiiona tornado kwa mbali inasogea kulia au kushoto, inakupita. Ukiiona haisogei upande wowote, ila inazidi kuwa nene, usishukuru kwamba imesimama. Inakuja kwako. Rudia kusoma hapo. Kuna deni, kuna chupa, kuna ugomvi nyumbani ambao umeutazama miaka mitatu ukasema, "Angalau umetulia." Uangalie tena. Je, unasogea pembeni, au unanenepa?

Sasa sikia jinsi hii kazi ya kuonya ilivyopatikana, maana haikuwepo siku zote.

Tangu mwisho wa karne ya 19 hadi mwaka 1950, watabiri wa serikali ya Marekani hawakuruhusiwa au hawakutakiwa kulitumia neno tornado katika utabiri. Iliaminika kwamba watu watapatwa na hofu, na hofu itadhuru kuliko upepo. Katika kipindi hicho, tarehe 18 Machi 1925, tornado moja ilipita majimbo matatu, Missouri, Illinois na Indiana, ikaua watu 695. Hawakuwa wameambiwa lolote.

Tarehe 20 Machi 1948 tornado ilipiga kambi ya ndege za kijeshi ya Tinker, Oklahoma. Maofisa wawili wa hali ya hewa, Ernest Fawbush na Robert Miller, waliagizwa wachunguze kama jambo kama hilo linaweza kutabiriwa. Siku tano baadaye, tarehe 25, wakaona ramani ya hewa inafanana na ile ya kwanza. Fikiria mzigo huo. Wakisema na lisitokee, watachekwa. Wakinyamaza na litokee, watu watakufa. Walisema. Ndege zikafungwa na kuingizwa mabandani, watu wakaondolewa mahali pa hatari. Jioni ileile tornado ikaipiga kambi ileile. Ulikuwa utabiri wa kwanza wa tornado kutolewa kwa mahali maalum na ukatimia. Ezekieli angewaelewa wale watu wawili: mlinzi anayeona hatari akanyamaza ana deni la damu.

Na picha? Picha zina nafasi yake, kijana wangu. Tetsuya Fujita, Mjapani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, ndiye aliyetunga mwaka 1971 kipimo cha nguvu za tornado kinachobeba jina lake. Mwaka 1957 tornado iliupiga mji wa Fargo, North Dakota. Fujita hakuwepo. Alikusanya picha zaidi ya mia moja zilizopigwa na wakazi wa kawaida, akatafuta kila mmoja alikuwa amesimama wapi, akazipanga dakika kwa dakika. Kutokana na picha hizo aliyapa majina sehemu za wingu ambayo watazamaji wanayatumia hadi leo. Kile kipande kilichoning'inia nilichokiona Kansas kinaitwa wingu la ukuta, na jina ni lake. Mtu huyo aliichunguza tornado miaka mingi kwa kutumia macho ya wengine. Ya kwanza kuiona kwa macho yake aliiona tarehe 12 Juni 1982. Kwa hiyo usidharau picha ya mtu wa kawaida. Ikipigwa mahali salama na ikamfikia anayeihitaji, inaokoa.

Lakini nikuambie na upande mwingine. Tim Samaras alikuwa mhandisi aliyebuni vyombo vya kuwekwa njiani mwa tornado. Tarehe 24 Juni 2003, karibu na kijiji cha Manchester, South Dakota, chombo chake kilipitiwa na tornado kikarekodi mgandamizo wa hewa ukishuka milibari 100. Alijulikana kama mmoja wa watu waangalifu zaidi katika kazi hiyo. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tornado ilibadilisha mwelekeo na kasi ghafla, ikatanuka hadi upana wa kilomita 4.2, ambao ndio mkubwa kuliko wote uliowahi kupimwa. Ilikuwa imejifunika mvua. Samaras, mwanawe Paul, na mwenzao Carl Young walifia pale.

Simtaji nimhukumu. Alikuwa akitafuta elimu ya kuwasaidia wengine. Namtaja kwa sababu tuna tabia ya kudhani kwamba uzoefu ni kinga. Watazamaji wana jina la eneo lile lililo chini ya mzunguko, mvua ikiwa imelizingira pande zote: zizi la dubu. Ukiwa ndani huoni nje, na kilicho nje hakikuoni. Dubu haulizi umefanya kazi hiyo miaka mingapi.

Tulipokuwa tukirudi Wichita tulipitia Greensburg, mji mdogo wenye kisima kikubwa kilichochimbwa kwa mikono na kukamilika mwaka 1888. Tarehe 4 Mei 2007, usiku, karibu saa nne, tornado iliyo pana kuliko mji wenyewe iliupitia. Ilikuwa giza. Watazamaji waliiona kwa mwanga wa radi tu, sekunde moja ipo, sekunde nyingine hakuna kitu. Waliripoti walichokiona. Onyo lilitolewa, ving'ora vikalia kama dakika 20 kabla, watu wakashuka katika vyumba vya chini ya nyumba. Asubuhi, karibu asilimia 95 ya mji haikuwepo. Waliokufa ni zaidi ya 10, na kila mmoja wao ana mtu anayemlilia. Lakini ulikuwa mji wa watu wapatao 1,400. Fanya hesabu mwenyewe ya wale waliopanda ngazi asubuhi ile wakakuta hakuna nyumba, ila wako hai. Nilipita katika barabara zake mpya nikashindwa kuzungumza.

Sasa turudi kwetu.

Hatuna tornado za Kansas. Lakini Kisii radi inaua. Ziwani, wavuvi wanaondoka jioni kwenye maji matulivu na dhoruba inawakuta usiku. Masika ikianza, mito inapita juu ya madaraja. Desemba 2021, mto Enziu kule Mwingi, basi lililobeba wanakwaya na waumini wakielekea harusini lilizama, wakafa watu zaidi ya 30. Wapo waliojitosa majini kuokoa, Mungu awakumbuke. Sisi wengine tulikuwa na video kwenye simu kabla ya jioni, tukaituma kutoka kundi hadi kundi.

Swali langu kwako si kama ulituma ile video. Swali ni hili: mvua ikinyesha sana milimani leo usiku, unamjua nani anayekaa ukingoni mwa mto, na una namba yake? Idara yetu ya hali ya hewa ikitoa onyo, wewe ndiye unayelipeleka kwa mama asiye na intaneti, au unangoja kesho upate picha za maafa? Bodaboda akikuambia, "Tupite tu, maji si mengi," una ujasiri wa kushuka?

Ukisikia ngurumo, ingia ndani ya nyumba, uachane na mti. Maji yakipita juu ya barabara, yangoje yapungue. Ukiwa kiongozi wa safari ya kanisa, uliza njia ikoje kabla hamjapanda gari, na uwe tayari kusema, "Tunarudi." Kurudi si kukosa imani. Ndugu yangu wa Wichita anaomba sana, na bado analigeuza gari kwanza.

Jioni hii mpigie mtu mmoja unayemjua anakaa mahali pa hatari. Muulize njia yake ya kutoka ni ipi. Msipoijua, itafuteni pamoja jua likiwa bado linawaka.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako. Tuonane Jumapili.